Barua ya wazi: Nafasi tupu katika hesabu za mapato ya kaunti si sifuri

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS)
Msimamizi wa Bajeti
Mwenyekiti, Tume ya Ugavi wa Mapato (CRA)
Mawaziri wa fedha wa kaunti zote 47

KUH: KAUNTI ZINAPOKOSA KULETA TAKWIMU ZA KODI NA ADA

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kama watakwimu na wahasibu wa mapato ya umma, kuhusu jambo linaloharibu takwimu za mapato ya kaunti kimyakimya: kinachofanyika pale kaunti isipoleta hesabu zake, au inapozileta nusu. Ombi letu ni kwamba kila tarakimu inayochapishwa iseme imetoka wapi. Nafasi tupu isigeuzwe sifuri, isijazwe kwa kunakili robo iliyotangulia, wala isijazwe kwa kuligawa lengo la bajeti kwa nne. Hapa chini tunaeleza njia inayofaa na mahali inapoweza kukwama.

Kwenye muda, sheria iko wazi. Kifungu cha 166 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinampa afisa mhasibu siku 15 baada ya robo mwaka kuisha awe ameifikishia hazina ya kaunti ripoti yake. Hazina ya kaunti nayo ina mwezi mmoja tangu robo kuisha kuunganisha ripoti hizo, kuziwasilisha kwa bunge la kaunti na kutuma nakala kwa Msimamizi wa Bajeti, Hazina ya Kitaifa na CRA. Kwa hivyo hesabu za Julai hadi Septemba zinatakiwa ziwe zimefika mwisho wa Oktoba. Shida huanza siku inayofuata, pale afisa mwenye jedwali la kaunti 47 anapoona mistari mitatu haina kitu na mkubwa wake anataka jumla kabla ya jioni.

Anachofanya afisa huyo katika saa hiyo moja ndicho kiini cha barua hii, kwa sababu programu ya jedwali haitamzuia kukosea. Ukijumlisha safu yenye nafasi tupu, programu huipita nafasi hiyo na kukupa jumla kana kwamba kaunti hiyo haikukusanya hata shilingi. Ukitafuta wastani, huiacha nafasi tupu nje ya hesabu. Lakini mtu akiandika 0 ili jedwali lipendeze, wastani huporomoka papo hapo. Kibaya zaidi ni kaunti iliyojibu lakini jibu lake likapotea mezani: imeandika "12,450,000/-", na zile alama mbili za mwisho zinaifanya programu ione maneno badala ya namba, isijumlishe chochote wala isitoe onyo. Kuna pia kaunti inayojaza kwa maelfu ya shilingi ilhali fomu inataka shilingi kamili. Kabla ya kuzungumzia waliokosa kujibu, hesabu kwanza waliojibu na mkawapoteza wenyewe. Ukaguzi wa dakika kumi unatosha: hesabu ni nafasi ngapi zina namba, ngapi zina maneno, ngapi ni tupu, na ni zipi zimepungua au kuongezeka mara 100 au 1,000 zikilinganishwa na robo kama hiyo mwaka jana.

Jambo la pili ni jinsi tunavyoeleza kiwango cha majibu. Kusema kaunti 46 kati ya 47 zimejibu kunaonekana kama asilimia 98, na msomaji hutulia. Lakini Nairobi peke yake hubeba zaidi ya moja ya tano ya mapato yote yanayokusanywa na kaunti. Ikiwa iliyokosekana ni Nairobi, basi sehemu ya fedha iliyothibitishwa haifiki hata asilimia 80. Ikiwa iliyokosekana ni Lamu, jumla ya taifa haitikisiki, ingawa kwa mkazi wa Lamu takwimu hiyo imeharibika kabisa. Kwa sababu hiyo tunaomba viwango viwili vichapishwe kila mara: cha kwanza idadi ya kaunti zilizojibu, cha pili sehemu ya jumla ya fedha iliyotokana na majibu halisi. Cha pili ndicho kiwekwe juu.

Kutokana na tofauti hizo za ukubwa, mbinu ya kuwaongezea uzito waliojibu ili wawasemee wasiojibu haifai hapa. Mbinu hiyo ni ya sampuli za mamia au maelfu ya watu au biashara zinazofanana. Sisi tuna kaunti 47 tu, zote zinaulizwa, na hakuna inayoweza kusimama mahali pa nyingine. Kuzidisha jumla ya waliojibu kwa 47 gawanya kwa 44 ni kudai kwamba kila kaunti ina ukubwa sawa.

Sasa, kwa nini kaunti hazijibu? Mara chache sana ni ukaidi. Sheria ya Takwimu ya 2006 ina adhabu kwa anayekataa kutoa taarifa, lakini kuishtaki kaunti hakutaleta hesabu za robo iliyopita, na ofisa anayeogopa mahakama huleta namba yoyote ili aachwe. Sababu za kweli ziko kwenye kazi yenyewe.

Ya kwanza ni fedha ambazo bado hazijajulikana zimelipiwa nini. Mwenye gari hulipa maegesho kwa simu, mwenye kiwanja hulipa kodi ya ardhi kwa nambari hiyohiyo ya malipo, mwenye duka hulipa kibali. Mmoja akikosea nambari ya kiwanja, fedha ziko benki lakini hazina pa kuandikwa. Mhasibu mwangalifu hukataa kujaza mistari hadi amalize kuoanisha taarifa ya benki na stakabadhi, na ndiyo sababu fomu hufika ikiwa na jumla tu, au haifiki kabisa. Dawa yake ni mstari mmoja tu: "Zimepokelewa, hazijagawanywa." Ukiwepo, kaunti inaweza kujibu kwa wakati bila kudanganya, na mgawanyo ufuate baadaye.

Ya pili ni mfumo wa ukusanyaji. Kaunti nyingi hukusanya kwa mfumo wa kampuni ya kukodiwa. Mkataba ukiisha au ukizua mgogoro, kaunti huhamia mfumo mpya, na hesabu za miezi ya nyuma hubaki kwenye kompyuta za aliyeondoka. Hapo hata afisa mwenye nia njema hana cha kujaza. Kila mkataba wa mfumo wa mapato unapaswa kuitaka kampuni iikabidhi kaunti nakala kamili ya miamala kila mwezi, katika muundo unaosomeka bila programu ya kampuni hiyo.

Ya tatu ni hospitali. Tangu sheria ya 2023 inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na fedha vinazokusanya, hazina ya kaunti haizioni fedha hizo zikipita kwenye akaunti yake. Hazina hujaza inachokiona, na mstari wa hospitali hubaki mtupu ilhali hospitali ya rufaa ya kaunti ina vitabu vyake kamili umbali wa kilomita moja. Fedha za bima nazo, zamani NHIF na tangu Oktoba 2024 SHA, hulipwa kwa kuchelewa na kwa mkupuo, kwa hivyo mstari huu huyumba kuliko mingine yote. Dodoso la hospitali liende kwa afisa mkuu wa afya wa kaunti moja kwa moja, na nakala kwa hazina. Kumuuliza mtu asiye na jibu ni kujitafutia nafasi tupu.

Ya nne haisemwi hadharani. Kaunti iliyokusanya chini ya lengo husita kuleta namba, maana inajua vichwa vya habari vinavyofuata. Tutairudia hii, kwa sababu inabadilisha hesabu zote za kujazia.

Ufuatiliaji mzuri hupunguza nafasi tupu kuliko hesabu yoyote ya kitakwimu, na gharama yake ni simu. Siku saba kabla ya tarehe ya mwisho, kumbusho liende kwa mpokeaji mapato wa kaunti na kwa msaidizi wake, wote wawili, kwa anwani ya cheo na si ya mtu, kwa kuwa watu huhamishwa. Siku moja baada ya tarehe ya mwisho, simu zianze, na zifuate ukubwa wa fedha badala ya alfabeti: Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kiambu na Narok hazipaswi kungoja zamu nyuma ya Baringo na Bomet. Mpigaji asiulize "mbona hamjaleta?" Aulize kwa mpangilio: jumla ya robo ni ngapi, kodi ya ardhi ni ngapi, vibali vya biashara ni ngapi, hospitali ni ngapi, zilizobaki hazijagawanywa ni ngapi. Namba tano kwa simu, zikithibitishwa kwa barua pepe siku hiyohiyo, ni bora mara nyingi kuliko fomu ya mistari thelathini ambayo haijafika. Na kama kaunti imeshatuma ripoti ya kifungu cha 166 kwa Msimamizi wa Bajeti, KNBS isiipelekee fomu nyingine inayouliza mambo yaleyale kwa majina tofauti. Fomu mbili zenye majina tofauti ya mapato yaleyale huleta majibu mawili yasiyolingana, au jibu moja na kimya.

Kwenye majina hayo tuna ombi dogo la kitaalamu. Kaunti hukusanya vitu vya aina mbili ambavyo kwa kawaida huitwa "mapato ya ndani" bila kutenganishwa: kodi, kama ile ya ardhi ambayo Kifungu cha 209 cha Katiba kimezipa kaunti, na ada za huduma kama maegesho au matibabu. Mwongozo wa kimataifa wa takwimu za fedha za serikali wa 2014 huziweka mahali tofauti. Fomu ikiwa na msimbo wa aina mbele ya kila mstari, afisa wa kaunti hahitaji kuujua mwongozo huo, na nyinyi hamtalazimika kukisia kodi ilikuwa sehemu gani ya jumla.

Simu zikishindikana, bado si wakati wa kukadiria. Kwanza tafuta kumbukumbu nyingine. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka fedha za kaunti ziingie kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti, na taarifa za akaunti hiyo zipo Benki Kuu bila kungoja fomu ya mtu. Lakini kilichoingia kwenye mfuko hakilingani na kilichokusanywa: kuna siku za kuchelewa kati ya benki ya ukusanyaji na mfuko, na fedha za hospitali hazimo. Kwa hivyo chukua robo nane zilizopita ambazo kaunti hiyo ilijibu, toa hospitali, na tafuta uwiano wa makusanyo kwa kila shilingi iliyoingia kwenye mfuko. Kama uwiano umetulia, tuseme kati ya 1.02 na 1.08, unaweza kuutumia. Kama unaruka kutoka 0.8 hadi 1.5, taarifa ya benki itumike kuonyesha mwelekeo tu, isiwe jibu.

Hapo ndipo kukadiria kunaanza, na hapo ndipo makosa makubwa yako.

Kosa linalofanywa kwa wepesi ni kunakili robo iliyotangulia. Mapato ya kaunti yana msimu mkali. Vibali vya biashara na kodi ya ardhi hulipwa zaidi Januari hadi Machi, kwa kuwa katika kaunti nyingi muda wa kulipa bila faini hukoma mwisho wa Machi. Oktoba hadi Desemba ni kipindi kikavu. Tuseme Kaunti A ilikusanya shilingi milioni 95 Oktoba hadi Desemba, haikujibu Januari hadi Machi, na robo kama hiyo mwaka jana ilikuwa na milioni 180. Ukinakili 95 umeifuta karibu nusu ya mapato yake, na robo inayofuata ikijibu vizuri utachapisha ukuaji ambao haukutokea.

Njia inayofaa ni kuanza na robo kama hiyo ya mwaka jana, kisha kuizidisha kwa mabadiliko ya kaunti zinazofanana nayo zilizojibu. Chukua kaunti sita za kundi la A. Mwaka jana Januari hadi Machi zilikusanya jumla ya milioni 1,200, mwaka huu milioni 1,290. Uwiano ni 1.075. Zidisha 180 kwa 1.075, unapata milioni 193.5. Hilo ndilo kadirio. Fanya hivyo kwa kila mstari peke yake, kodi ya ardhi kwa kodi ya ardhi, vibali kwa vibali, kisha jumlisha. Ukikadiria jumla moja kwa moja, mstari mmoja ulioruka utaiburuta mingine yote.

Kabla ya kuukubali uwiano huo, uangalie kwa karibu. Kama kaunti moja kati ya sita ilisamehe faini za kodi ya ardhi na wadaiwa wakamiminika, itaupandisha uwiano wa kundi zima. Panga nyuwiano sita kuanzia mdogo hadi mkubwa na utumie mediani, yaani wastani wa zile mbili za katikati. Ikiwa mediani na uwiano wa jumla vinatofautiana sana, mtu apige simu kujua kulikoni. Na kundi likiwa na kaunti zilizojibu chini ya nne, lisitumike. Panua kundi au rudi kwenye taarifa ya benki.

Makundi yenyewe yasifuate mikoa ya zamani. Narok na Bomet ni majirani, lakini mapato yao hayafanani hata kidogo. Narok hutegemea ada za kuingia Maasai Mara, na wageni hujaa Julai hadi Oktoba wakati wa nyumbu kuvuka Mto Mara. Kilele chake kiko robo ya kwanza ya mwaka wa fedha wakati kaunti nyingine nyingi zinasubiri Januari. Ukiijazia Narok kwa mabadiliko ya majirani zake, utakosea misimu yote miwili. Tena viwango vyenyewe hubadilika: mwaka 2024 ada ya mgeni mzima asiye mkazi ilipangwa kuwa dola 100 kwa siku Januari hadi Juni na dola 200 Julai hadi Desemba. Katika mwaka kama huo, robo ya mwaka jana ilihesabiwa kwa bei nyingine, na mbinu yoyote ya kuzidisha lazima kwanza irekebishe bei hiyo. Panga makundi kwa chanzo kikuu cha mapato: miji mikubwa yenye kodi ya ardhi na maegesho; kaunti za mbuga; kaunti za kilimo zinazotegemea ushuru wa mazao; kaunti za mifugo zenye minada; na kadhalika. Sheria ya fedha ya kila kaunti, inayopitishwa kila mwaka, isomwe kabla ya kukadiria, maana ada ikipanda kutoka 100 hadi 150 sokoni, hiyo ni asilimia 50 ambayo kaunti jirani haiijui.

Nairobi, Mombasa na Narok zisikadiriwe kamwe. Ukubwa wa moja, au upekee wa nyingine, hauna mfano. Moja ya hizo isipojibu, chapisheni jumla ya kaunti 46 kwa jina hilohilo, "jumla bila Nairobi", pamoja na jumla ya mwaka jana iliyohesabiwa vivyo hivyo.

Kosa jingine, ambalo tunalichukulia kuwa baya kuliko yote, ni kuligawa lengo la bajeti kwa nne na kujazia hapo. Malengo ya kaunti hayajakuwa makadirio ya kuaminika. Mwaka wa fedha wa 2023/24, kwa hesabu zilizochapishwa na Msimamizi wa Bajeti, kaunti zilikusanya shilingi bilioni 58.95 dhidi ya lengo la bilioni 80.94, karibu asilimia 73. Anayejazia kwa lengo anaongeza zaidi ya theluthi juu ya kile ambacho kingekusanywa, na anakipa kibali cha takwimu rasmi. Tena anaifanya kaunti iliyokaa kimya ionekane imefikia lengo lake kikamilifu. Hakuna kichocheo kibaya zaidi ya hicho.

Kuna mtego mwingine unaotokana na mtindo wa kuripoti kwa kulimbikiza tangu Julai. Kaunti inayokosa ripoti ya nusu mwaka, kisha ikaleta ya miezi tisa, imeleta fedha za robo mbili katika namba moja. Asiyeangalia huziweka zote Januari hadi Machi. Zitenganishwe hivi: tuseme miezi tisa ni milioni 420, na Julai hadi Septemba ilijulikana kuwa milioni 90. Zimebaki 330 za robo mbili. Mwaka jana robo hizo zilikuwa 80 na 220, jumla 300. Basi 330 mara 80 gawanya kwa 300 ni milioni 88 za Oktoba hadi Desemba, na 242 ni za Januari hadi Machi. Jumla ya miezi tisa ni jibu halisi. Mgawanyo wake tu ndio kadirio, na alama iseme hivyo.

Turudi kwenye kaunti zinazochelewa kwa sababu hazikukusanya vizuri. Hili linamaanisha kwamba waliojibu mapema si picha ya waliochelewa. Uwiano wa 1.075 umetoka kwa waliokuwa na habari njema. Ukiwatumia hao kukadiria wengine, makadirio yataegemea juu kila robo, na hakuna kundi zuri litakaloliondoa hilo. Njia pekee ya kuujua ukubwa wa mwegemeo ni kuweka daftari. Kila kadirio liandikwe siku lilipofanywa: kaunti, mstari, kadirio, mbinu. Jibu halisi likifika, hata miezi mitano baadaye, liandikwe kando yake. Baada ya mwaka mmoja au miwili mtakuwa na makadirio ya kutosha kuuliza: mangapi yalizidi, na kwa asilimia ngapi? Kama mengi yalizidi na mediani ya ziada ni asilimia 6, punguzeni makadirio mapya kwa kiasi hicho na mseme mmefanya hivyo. Bila daftari hilo, anayekadiria hajui kama anakadiria vizuri, na hatajua kamwe, kwa kuwa jibu halisi hufika, hufunika kadirio, na kosa hupotea pamoja nalo.

Kwa sababu hiyohiyo kadirio lisijengwe juu ya kadirio. Kama robo ya mwaka jana yenyewe ilijazwa, mbinu ya uwiano haina pa kusimama. Rudini hadi robo ya mwisho yenye jibu halisi, na ikiwa imepita miaka miwili, mtumeni mtu kaunti hiyo. Nauli ya basi na siku mbili za kazi ni nafuu kuliko mfululizo wa miaka minne uliobuniwa.

Kuhusu uchapishaji tunaomba alama tano, herufi moja kando ya kila namba. J kwa jibu la kaunti. B kwa namba iliyotokana na taarifa za benki au kumbukumbu nyingine. K kwa kadirio. S kwa sifuri ambayo kaunti yenyewe imethibitisha. X kwa kisichohusika, kama ada za mbuga katika kaunti isiyo na mbuga. Nafasi isiyo na herufi isiruhusiwe kutoka ofisini. Herufi hizo ziende pia kwenye faili la jedwali linalopakuliwa, katika safu yake yenyewe, kwa sababu maelezo ya chini ya ukurasa hupotea mtu anaponakili namba. Na kila jumla ya taifa iambatane na sentensi moja: asilimia ngapi ya fedha hizi ni J, ngapi B, ngapi K.

Faida yake inaonekana mara moja kwenye ukuaji. Mwaka 2022/23 jumla iliyochapishwa ilikuwa takriban shilingi bilioni 37.8, na mwaka uliofuata karibu 59. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu katika mwaka mmoja. Kabla mbunge, mwandishi wa habari au mkopeshaji hajaamua ni kiasi gani cha ongezeko hilo ni juhudi ya ukusanyaji, ana haki ya kujua mstari wa hospitali ulihesabiwaje katika kila kaunti, mwaka wa kwanza na wa pili. Alama zikiwepo, anaweza kuzilinganisha kaunti zenye J kwa J peke yake. Zisipokuwepo, anabaki kuamini.

Masahihisho nayo yawe na ratiba inayojulikana mapema: namba za awali siku 45 baada ya robo kuisha, za pili robo inayofuata, na za mwisho baada ya ukaguzi. Kaunti hutakiwa kukamilisha taarifa zao za fedha ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka wa fedha kuisha, na Kifungu cha 229 cha Katiba kinampa Mkaguzi Mkuu miezi sita tangu mwisho wa mwaka huo. Hesabu zilizokaguliwa ndizo zifute makadirio yote ya mwaka huo. Pale jumla ya mwaka iliyokaguliwa inapotofautiana na jumla ya robo nne, tofauti igawanywe kwanza kwenye robo zenye K, kisha zenye B, na robo zenye J ziguswe mwisho. Tahadhari moja hapa: serikali ilianza mwaka wa fedha 2024/25 kuhama kutoka uhasibu wa fedha taslimu kwenda ule wa stahiki, unaoandika kodi inapotozwa hata kabla haijalipwa. Kodi ya ardhi iliyotozwa lakini haijalipwa inaweza kuingia kwenye kitabu kimoja na kukosekana kwenye kingine, na malimbikizo ya kodi hiyo ni makubwa. Fomu iulize kwa maneno wazi, "Fedha zilizopokelewa kati ya tarehe hii na hii," vinginevyo mtapata majibu 47 ya maswali mawili.

Kwa mawaziri wa fedha wa kaunti tuna mambo matatu tu. Teueni wasaidizi wawili wa mpokeaji mapato wenye ruhusa ya kutuma hesabu bila kungoja saini ya mtu aliye safarini. Ruhusuni namba za awali zitoke zikiwa na mstari wa "hazijagawanywa", na msiwaadhibu maofisa zikirekebishwa baadaye. Na kama mmekusanya kidogo, leteni hicho kidogo. Kadirio litakalowekwa mahali penu litasomwa kama lenu.

Kwa KNBS na Msimamizi wa Bajeti, tunaomba kazi ianze na robo ya Julai hadi Septemba inayokuja. Kwa robo hiyo ya kwanza tutaridhika na mambo matatu: alama za J, B, K, S na X kwenye jedwali la mapato ya kaunti, kiwango cha majibu kwa thamani ya fedha, na daftari la makadirio kufunguliwa hata kama halitachapishwa bado. Makundi ya kaunti na nyuwiano zake yanaweza kufuata robo ya Januari hadi Machi, ambapo ndipo yatakapohitajika zaidi. Tuko tayari kukaa na maofisa wenu na jedwali la robo nane zilizopita, tukapitie nafasi tupu moja baada ya nyingine.

Wenu,
Watakwimu na wahasibu wa mapato ya umma